Kubofya Si Kujaribu

Kuna imani iliyoenea miongoni mwa waandishi wa programu wa Afrika Mashariki, nayo haihitaji kutetewa kwa sababu hakuna anayeihoji: programu ikifunguka, ikabofywa hapa na pale na ikaitika, imekamilika. Majaribio ya kiotomatiki, kwa imani hiyo, ni mambo ya kampuni kubwa zenye idara nzima ya ukaguzi. Kupanga mazingira ya kazi ni usumbufu wa siku ya kwanza tu. Na msimbo usiosubiriana, yaani ule unaotuma ombi kisha ukaendelea na shughuli nyingine hadi jibu lirudi, ni somo la wataalamu wa mitambo mizito. Sisi wa mifumo ya maduka, SACCO na shule hautuhusu.

Imani hii ina watetezi wenye akili zao, na sitawafanya wajinga ili niwashinde kwa urahisi. Wanasema mteja hulipia fomu anayoiona, halipii faili la majaribio asilolijua. Wanasema muda ni mchache, mshindani yuko mlango wa pili, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Waliosoma zaidi humleta shahidi mkubwa, Edsger Dijkstra, yule Mholanzi aliyefundisha tangu mwisho wa miaka ya 1960 kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kuwa hitilafu zipo, lakini kamwe hayawezi kuonyesha kuwa hazipo. Basi, wanauliza, ya nini kuhangaika na kitu kisichotoa uhakika? Tubofye, tupeleke kwenye seva, tukisikia malalamiko turekebishe.

Nakataa, na sababu yangu si kwamba kubofya ni uvivu. Wapo wanaobofya kwa bidii hadi usiku wa manane. Tatizo ni kwamba mkono una upofu wake. Hujaribu programu kwenye mashine moja, kwa mwendo mmoja, kwa mpangilio mmoja wa matukio, na kwa saa zile ambazo mwenye mkono yuko macho. Hitilafu zinazotutia hasara kubwa hukaa nje ya hayo manne: katika pengo kati ya laptopu na seva, na katika pengo kati ya ombi na jibu lake. Mkono haufiki huko hata ukibofya mwezi mzima.

Ushahidi mzito wa upofu huo unatoka hospitalini. Therac-25 ilikuwa mashine ya mionzi ya kutibu saratani, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 ilizidisha mionzi katika ajali 6 zinazojulikana, huko Marekani na Kanada, na wagonjwa wasiopungua 3 wakafa. Mojawapo ya hitilafu zake ilibainika Tyler, Texas, mwaka 1986. Mwendesha mashine aliyekosea kuingiza aina ya mionzi angeweza kurudi juu kwenye skrini na kusahihisha. Akisahihisha polepole, mambo yalikwenda sawa. Akimaliza ndani ya sekunde 8, sehemu nyingine ya programu ilikuwa bado inazipanga sumaku na haikuyaona mabadiliko. Skrini ilionyesha alichosahihisha, lakini mashine haikuwa imejipanga hivyo.

Ona jambo hilo lilivyojificha. Anayejifunza mashine huandika taratibu, kwa hiyo hitilafu haimtokei. Ilijitokeza kwa wazoefu, ambao vidole vyao vilikwishazoea kazi na kwenda kasi. Kama kujaribu ni kubofya, basi kila aliyeibofya mashine ile kwa tahadhari alikuwa akijihakikishia usalama ambao haukuwapo. Na watengenezaji walikwisha kuondoa vizuizi vya kimitambo vilivyokuwa kwenye toleo la awali, Therac-20, kwa kuiamini programu. Therac-20 nayo ilikuwa na hitilafu ya namna hiyohiyo ndani yake. Haikuua mtu kwa sababu vizuizi vile vilikuwa vingali mahali pake.

Nitajibiwa kwamba hayo ni ya mionzi, sisi tunauza sabuni na kukusanya karo. Hapo ndipo imani hii inapokosea zaidi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka uliofuata, na leo ni vigumu kuandika mfumo wa duka au wa shule usiogusa malipo ya simu. Malipo ya simu ni msimbo usiosubiriana kwa maumbile yake. Anayedhani hajaingia katika somo hilo kwa kuwa anaandika mfumo mdogo tayari amezama ndani yake, tena kwenye sehemu yenye fedha za watu.

Chukua Daraja, lango ambalo Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu mwaka 2017. Mfumo wako unatuma ombi la STK ili mteja aletewe kwenye simu yake kisanduku cha kuweka PIN. Jibu la kwanza linarudi papo hapo, na ndani yake kuna ResponseCode yenye sifuri. Sifuri hiyo haisemi kuwa mteja amelipa. Inasema ombi limepokelewa, basi. Habari ya malipo yenyewe huja baadaye, katika ujumbe mwingine unaotumwa kwenye anwani uliyoiweka, ukiwa na ResultCode. Hapo ndipo sifuri inapomaanisha fedha zimelipwa, na 1032 inapomaanisha mteja amekataa. Mwandishi anayejijaribia mwenyewe ana simu mkononi, ana salio, na PIN yake anaikumbuka. Kwake sifuri ya kwanza hufuatwa na ya pili kila mara, kwa hiyo hata akiichukua ya kwanza kuwa ndiyo risiti, hataona kasoro yoyote. Atakayeiona ni mwenye duka, siku mteja anapokataa kulipa na mfumo ukamtolea mzigo.

Ujumbe ule wa pili una visa vyake. Unaweza kuchelewa. Unaweza kuja mara mbili. Unaweza usije kabisa, kwa kuwa seva yako ilizimika kwa dakika tatu umeme ulipokatika. Unaweza hata kukuta mfumo wako haujamaliza kuandika ombi lenyewe kwenye hifadhidata, hasa mteja akikataa papo hapo. Nani atabofya hayo? Hakuna kitufe cha kuleta ujumbe mara mbili, wala cha kuuchelewesha. Lakini kwa jaribio lililoandikwa, kila kisa ni mistari michache. Unahifadhi mfano wa ujumbe kwenye faili, unaupitisha kwenye kazi inayoupokea, kisha unaangalia hifadhidata. Unaupitisha tena uleule: salio lazima libaki lilelile. Huhitaji mtandao, huhitaji simu, huhitaji salio.

Jaribio hilo la kupitisha ujumbe mara mbili, ukiupitisha kwa wakati mmoja badala ya mmoja baada ya mwingine, linaweza kukufundisha pia jambo ambalo wengi hawalijui. Ukijilinda kwa kuuliza kwanza kama malipo yamekwisha kuandikwa, kisha ndipo uandike, hujajilinda. Jumbe mbili zikiwasili kwa pamoja, zote mbili zinaweza kuuliza kabla hata moja haijaandika, zote zikajibiwa kuwa bado, na zote zikaongeza salio. Kinga ya kweli iko kwenye hifadhidata yenyewe: namba ya ombi iwe ya kipekee, ili maandishi ya pili yakataliwe. Na kwa ujumbe usiokuja, malipo yabaki katika hali ya kusubiri hadi mfumo uulize upya hali yake kwa mtoa huduma. Usiyafute, wala usidhani yameshindwa. Ili kulijaribu hilo bila kukaa dakika kumi ukitazama ukuta, kazi zako zipokee saa kutoka nje badala ya kuisoma zenyewe kwenye kompyuta. Ndani ya jaribio utasogeza saa utakavyo.

Upofu wa mkono hauishii kwenye malipo. Lugha ya Python ilipata maneno async na await katika toleo la 3.5 mwaka 2015, na tangu hapo wengi wamejifunza kuyanyunyiza kila mahali wakiamini kwamba programu itakuwa ya kasi. Kisha ndani ya kazi hiyohiyo wanaita time.sleep, au maktaba ya requests, ambazo huisimamisha foleni nzima. Akibofya mmoja, haoni kitu. Wakija hamsini kwa pamoja, arobaini na tisa wanasubiri kwa sababu ya mmoja. Tena requests isipopewa ukomo wa kusubiri, haijiwekei. Seva ya upande wa pili ikinyamaza, yako nayo inaganda. Asyncio, maktaba ya Python ya kazi hizi, nayo haiishikilii kwa nguvu kazi uliyoianzisha kwa create_task. Usipoihifadhi mahali, inaweza kufutwa kwenye kumbukumbu kabla haijakamilika, na hakuna atakayekuambia. Upande wa Node.js, hadi toleo la 15 lilipotoka mwaka 2020, ahadi (Promise) iliyovunjika bila mtu wa kuipokea ilikuwa ikitolewa onyo tu huku programu ikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kanuni zinazotokana na hayo ni chache na hazina fumbo. Kila kusubiri kuwe na ukomo wa muda. Kila kosa lipokewe na mtu au liangushe kazi waziwazi. Kulimeza kimya ni kuficha deni. Usichanganye kazi zinazosimamisha foleni na zile zisizosimamisha. Katika majaribio, usiandike lala sekunde mbili halafu uangalie matokeo, kwa maana siku mashine ikielemewa sekunde mbili hazitatosha, na jaribio litaanguka leo likapita kesho hadi timu iache kuliamini. Subiri tukio lenyewe litokee, na uweke ukomo. Na kubwa kuliko yote: kama mfumo una watumiaji ishirini, usitumie async kwa fahari. Andika msimbo wa kawaida unaosomeka, kazi nzito zipeleke kwenye foleni ya nyuma, ulale.

Sasa mazingira. Watu husema "kwangu inafanya kazi" kana kwamba ni utetezi. Ni ungamo kwamba programu inategemea kitu kilichoko kwako ambacho hukukiandika popote. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilianza kazi ikiwa na programu mpya kwenye seva 7 kati ya 8. Ya nane ilisahaulika, ikabaki na msimbo wa zamani ambao kitufe chake kilikuwa kimepewa kazi mpya. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460. Msimbo mpya ulikuwapo na uliwekwa. Kilichokosekana ni hakikisho kwamba mashine zote zinafanana.

Kwetu hasara ni ndogo kwa tarakimu lakini mzizi ni uleule. Wengi huandika kwenye Windows na kupeleka kwenye Linux. Windows haijali kama faili ni Risiti.png au risiti.png, Linux inajali, na nembo ya mteja inapotea siku ya uzinduzi. Wengi hujaribia SQLite na kutumia PostgreSQL kwenye seva. SQLite itakubali jina la herufi hamsini kwenye safu uliyoitangaza kuwa ya herufi kumi, na haisimamii funguo za kigeni mpaka uiagize. PostgreSQL itakataa yote mawili. Kwa hiyo majaribio yako yanapita kwa sababu yanafanyika mbele ya mwamuzi asiyepuliza filimbi.

Kisha kuna saa. Seva nyingi hufuata saa ya UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Mauzo yanayofanyika kati ya saa sita na saa tisa usiku huandikwa kwa tarehe ya jana. Ripoti ya siku ya duka la dawa linalokesha haitalingana na droo kamwe, na karani atashukiwa. Hakuna anayebofya ripoti saa nane usiku. Jaribio linaloambiwa kuwa sasa ni saa nane usiku, Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam, litaifichua dosari hiyo mchana kweupe. Wakati huohuo jaribu jina la Ng'ang'a au Nang'ole kwenye fomu yako, uone kama alama ile ya juu inaivunja amri ya hifadhidata. Jaribu namba ya simu iliyoandikwa kwa kuanza na 07, kwa 254 na kwa 255, yenye alama ya kujumlisha na isiyo nayo. Mifano ya vitabu vya ng'ambo haina majina yetu wala namba zetu. Hayo ni juu yetu.

Nasikia jibu: kupanga mazingira ni ghali, bando linaisha. Ni kweli kwamba picha za Docker zinaweza kula mamia ya megabaiti, na sitamlazimisha mtu anayenunua intaneti ya siku. Lakini Docker si sharti. Python ina venv ndani yake tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Kugandisha matoleo ya maktaba ni faili moja la maandishi, na kwa Node.js faili hilo hujiandika lenyewe. Ni kulihifadhi tu na kutumia npm ci badala ya npm install. Faida yake ilionekana Januari 2022, mwandishi wa maktaba ya colors alipoweka makusudi mzunguko usiokwisha katika toleo jipya. Miradi iliyokuwa ikichukua toleo jipya bila kuuliza ilikwama. Iliyogandisha matoleo iliendelea na kazi. Siri zako, yaani nywila na funguo za malipo, zikae kwenye faili la .env lisiloingia Git, pembeni likiwapo la mfano lenye majina matupu. Kumbuka kwamba ukiiingiza siri kwa bahati mbaya kisha ukaifuta, historia ya Git bado inayo. Dawa ni kubadilisha ufunguo. Na programu ikianza, ikague kwanza kama imepewa kila kinachohitajika, ikatae kuwaka kama kimepungua. Heri ianguke mbele yako kuliko mbele ya mteja.

Turudi kwa Dijkstra, maana wanaomtaja humtaja nusu. Hakutoa kauli ile ili watu wapunguze ukali. Alitaka wauongeze: programu ijengwe pamoja na uthibitisho wa kihesabu kwamba ni sahihi. Anayekataa majaribio kwa hoja ya Dijkstra anadaiwa uthibitisho huo, na sijamwona bado mwenye mfumo wa karo aliyeuleta. Ni kweli majaribio hayatoi uhakika kamili. Yanatoa kitu kingine: hitilafu iliyopata jaribio lake haiwezi kurudi kimyakimya. Kwa mwandishi mmoja anayehudumia wateja kadhaa bila msaidizi, kitu hicho kina thamani kuliko kwa kampuni ya watu mia tano, kwa sababu yeye hana wa kumkumbusha.

Nikiri kwa upande wa pili kwamba wapo watetezi wa majaribio walioichafua hoja yao wenyewe. Hawa hudai asilimia mia moja ya mistari iguswe, wakaandika majaribio ya kuhakikisha kwamba jina likiwekwa linabaki jina. Hiyo ni hesabu ya kuwaridhisha mameneja. Mstari kuguswa si sawa na mstari kujaribiwa, na mfumo wenye majaribio mia tatu ya mambo yasiyoharibika huku hauna hata moja la jibu lililochelewa ni mfumo uliobofywa kwa mashine badala ya mkono. Anza na fedha, na ruhusa za nani aone nini, na tarehe. Vingine vifuate kadiri vinavyoleta madhara.

Wapo pia wanaosema sasa hakuna haja ya kujisumbua, akili mnemba itatuandikia majaribio. Itayaandika, tena upesi. Ila ukiipa msimbo na kuiambia iandike majaribio yake, kuna hatari ikausoma msimbo, ikaona unavyofanya, na kuandika kwamba ndivyo unavyopaswa kufanya. Kama sifuri ya kwanza umeichukua kuwa malipo, jaribio lake litasimama imara kuilinda sifuri hiyo. Kusema kipi ni sahihi ni kazi ya anayeijua biashara: karo ikilipwa mara mbili irudishwe au iingie muhula ujao? Hilo haliko ndani ya msimbo. Liamue kwanza, ndipo uiagize mashine iandike.

Na mteja asiyelipia majaribio? Hakuna aliyesema umpelekee ankara yenye mstari wa majaribio. Fundi wa umeme hamuulizi mwenye nyumba kama angependa kulipia testa. Bei ya kazi inaibeba. Mteja huyohuyo hakulipi pia kwa usiku unaokesha ukitafuta malipo yaliyoingia mara mbili, wala kwa safari ya kwenda dukani kwake kuomba radhi. Gharama ipo kwa vyovyote, na anayeibeba ni wewe. Tofauti ni kama utailipa mchana ukiwa mtulivu au usiku simu ikiita.

Kwa hiyo sisemi usimamishe kazi zote uandike majaribio mwezi mzima. Nasema hivi: ichukue hitilafu ya mwisho iliyolalamikiwa na mteja wako, na kabla ya kuirekebisha andika jaribio linaloanguka kwa sababu yake. Lione likianguka kwa macho yako, kwani jaribio ambalo halijawahi kuanguka hujui kama linaona. Ndipo urekebishe. Kisha futa folda ya mradi, ishushe upya kutoka Git, na utazame kama programu inawaka kwa kufuata maelezo yako tu. Mwisho pitisha ujumbe uleule wa malipo mara mbili. Mfumo usioyaweza hayo matatu haujakamilika, hata kama umebofywa mara elfu na mteja amekwisha kuulipia.